Mbegu haijachuja, ni msimu: nyanya za kienyeji zinavyobadilika huku Iringa na Mbeya (uzi mrefu)

#1 Mleta uzi (Kalenga, Iringa)

Wakuu habari zenu. Wiki iliyopita jirani yangu kaja na kikombe cha mbegu za nyanya za kienyeji, zile alizopewa na mama mkwe wake, anataka kuzitupa. Anasema mbegu imechuja, yaani imepoteza ubora wake. Mwaka jana mwezi wa kumi na moja alichuma nyanya za mviringo, nyekundu, ngozi laini, mwaka huu mwezi wa nane mbegu ileile imemletea manyanya yamekunjamana, yana mbavu kama boga, mengine yana makovu chini kama yameshonwa na sindano ya gunia. Nikamwambia mama usitupe, kaa kwanza unywe chai. Tukaongea pale jikoni mpaka moto ukazima, nikaona hii kitu niilete huku maana najua hayuko peke yake, watu wengi sana nyanda za juu kusini wametupa mbegu za bibi zao kwa kosa la msimu.

Mbegu yangu mimi imetoka kwa bibi mzaa mama, kule juu Kilolo. Alikua analima kinyungu, yaani ile bustani ya bondeni yenye unyevu unayolima kiangazi mvua zikishaisha. Hakuwahi kununua mbegu ya nyanya. Akiona nyanya imeiva vizuri kwenye mche alioupenda anaikamua, mbegu na ute wake anapaka kwenye ukuta wa udongo wa jikoni, juu kidogo ya mafiga, zinakaukia pale na moshi unazipita. Wakati wa kuandaa kitalu ukifika anazibandua kwa ukucha moja moja, anazifunga kwenye kona ya khanga. Sisi wajukuu ilikua marufuku kuegemea ule ukuta.

Nilipoanza kulima mwenyewe hapa pembeni ya Ruaha Mdogo nilifuata ya bibi, ila nikaongeza daftari. Naandika tarehe ya kusia, ya kuhamishia shambani, ua la kwanza, nyanya ya kwanza kuiva. Na kila msimu kwenye mchumo wa pili nachukua nyanya kumi nazikata kwa kisu, nakata kwa upana sio kuanzia kwenye kikonyo, nahesabu vyumba vya ndani vyenye mbegu.

Apo kwenye vyumba ndio akili ilinifunguka. Nyanya zilizotengeneza maua kwenye joto la mwezi wa tisa na wa kumi nakuta vyumba vinne, vitano. Zilizotengeneza maua kwenye baridi ya mwezi wa sita na wa saba nakuta saba, nane, kuna moja nilikuta kumi na moja, nikaihesabu mara tatu nikamuita na mke wangu ahesabu. Ukoo uleule, tuta lilelile, samadi ya zizi lilelile.

Kumbe mche wa nyanya unaamua idadi ya vyumba mapema mno, ua likiwa bado ni kitone kwenye ncha hata hulioni kwa macho, wiki mbili tatu kabla halijachanua. Ikipiga baridi wakati huo kile kitone kinanenepa na kugawanyika zaidi, vyumba vinakua vingi, na vyumba vikiwa vingi tunda linatoka na mbavu. Baridi ikizidi vyumba havifungani sawasawa, ndio unapata lile kovu la kahawia kitakoni na wakati mwingine tundu unaona mpaka mbegu. Nyanya zetu za kienyeji zilizo bapa zina vyumba vingi kiasili kwahiyo ndio zinaonyesha haya mabadiliko waziwazi, ila mbegu za dukani kama Tanya au Cal J ambazo zina vyumba viwili vitatu hutaona tofauti kubwa hivyo. Ndio maana mtu aliyezoea mbegu za dukani akishika za bibi anadhani zina kasoro.

Na hizo mbavu za baridi hazirithiwi. Mwaka juzi nilichukua mbegu kwenye nyanya mbaya kuliko zote za kipupwe, nikasia mwezi wa nane, mwezi wa kumi na mbili nikala nyanya za mviringo.

#2 Kijana wa Ilula

Mkuu heshima yako ila mi niko Ilula, hapa nyanya ni biashara na barabara ya Tanzam ndio mlango wetu. Nyanya ya kienyeji ukiipakia kwenye kreti hapa, ikifika Dar ni rojo. Ngozi nyembamba, inapasuka hata kabla ya kuchumwa. Tunalima Cal J, Tanya na hizi F1 (mbegu chotara) kwasababu dalali anabonyeza kwa kidole kabla hajasema bei. Sasa hiyo ya kuhesabu vyumba inatusaidia nini sisi tunaotafuta hela ya ada?

#3 Mleta uzi

Mdogo wangu wa Ilula uko sahihi kabisa kwenye ngozi na usafiri, sitabishana na kidole cha dalali. Mi mwenyewe robo tatu ya shamba langu ni Tanya, na Tanya sio ya kigeni sana ni mbegu iliyotolewa hapahapa nchini mwaka 1997 pamoja na Tengeru 97, kazi ilifanyika Arusha, na waliichagua kwa ugumu wa ngozi ili isafiri.

Ila angalia hivi. F1 ukivuna mbegu yake ukaipanda inakuja kila mche na sura yake, kwahiyo kila msimu unarudi dukani na bei unapangiwa. Na siku duka likikuuzia pakiti feki (imenitokea, kitalu kizima kilitoa miche ambayo sio niliyolipia na aliyeniuzia akaniambia nimekosea kumwagilia) msimu umekwenda na hela ya ada imekwenda nayo. Mstari mmoja wa kienyeji nyuma ya nyumba ni mbegu ambayo hakuna wa kukuuzia feki. Sasa ili uitunze lazima ujue inavyobadilika, la sivyo utaitupa kama jirani yangu alivyotaka kufanya.

#4 Mama wa Uyole, Mbeya

Shikamooni wakubwa, wengine marahaba. Mimi tatizo langu sio mbavu, ni kuiva. Nilihamishia miche mwezi wa tatu mwishoni, mpaka mwezi wa saba nyanya zimejaa mche lakini za kijani tu, kama zimegoma. Zilizoanza kubadilika zikaishia rangi ya njano njano hivi, nikikata ndani ni kali kwa uchachu. Mbegu hiyohiyo shemeji yangu yuko chini Igurusi anaila nyekundu. Nilijua udongo wangu umechoka, nikaweka samadi, nikaweka na CAN, ile mbolea ya naitrojeni, majani yakawa meusi ya kupendeza na nyanya zikabaki vilevile.

#5 Mleta uzi

Dada yangu wa Uyole, udongo wako msamehe. Uyole iko juu, mita 1,800 hivi, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba inashuka chini ya nyuzi 10. Nyanya ikifika kwenye nyuzi 12 kushuka kuiva kunasimama. Ile rangi nyekundu inaitwa laikopini, inatengenezwa vizuri kwenye nyuzi 18 mpaka 24 au 25 hivi. Kukiwa baridi inajivuta, na uchachu unabaki kwasababu jua ni hafifu na sukari ni kidogo. Shemeji yako Igurusi yupo chini kwenye bonde la Usangu, usiku wake una joto kuliko wako, ndio tofauti yote. Na ile CAN uliyoongeza imekupa majani, majani yakawa kivuli, ukazidi kuchelewa.

Kwenye daftari langu mbegu ya bibi ikihamishiwa mwezi wa nane inatoa nyanya ya kwanza kuiva baada ya siku 70 na kitu. Ikihamishiwa mwezi wa nne mwishoni ni siku 100 na zaidi. Mtu asiyeandika atasema hizi ni mbegu mbili tofauti.

Fanya hivi, zile zilizoanza kupauka kwenye kitako zichume, ziweke ndani kwenye tenga karibu na jiko (sio juu ya jiko), funika na gazeti, weka na ndizi mbivu moja. Zitaiva. Utamu hautafika wa mwezi wa kumi na moja ila kwa mboga zinafaa. Ukikaanga na mnafu ule uchachu ndio unakua mtamu, mi binafsi nyanya ya kipupwe ya kupikia naipenda kuliko ya kiangazi.

#6 Mdau wa Ruaha Mbuyuni

Sasa huku kwetu ni kinyume chake. Sisi tupo bondeni, joto kali, baridi tunaisikia kwenu. Mimi nyanya za kienyeji nikipanda mwezi wa sita nazipata nzuri sana lakini nikichelewa zikakutana na mwezi wa kumi, maua yanadondoka chini kama yamepukutishwa, na zinazoshika zinaiva mabega ya njano, chini nyekundu. Wateja wanauliza mbona mbichi.

#7 Mleta uzi

Umenisaidia sana mkuu, maana umeleta upande wa pili. Joto likipita nyuzi 30 na kitu mche unaacha kutengeneza ile laikopini lakini karotini, ile ya njano ya karoti, inaendelea. Ndio maana bega linalopigwa na jua la saa nane linabaki njano na chini kwenye kivuli cha majani panakua pekundu. Usipogoe sana msimu wa joto, yale majani acha yafunike matunda. Kipupwe ndio unapogoa jua liingie.

Maua kudondoka ni usiku wenye joto, nyanya inataka usiku uwe nyuzi 15 mpaka 20 hivi, ikizidi hapo chavua inakua dhaifu, ua linajaribu halafu linajiachia. Kwahiyo mwenzangu msimu wako ni kipupwe, wa kwangu hapa Kalenga ni kuanzia mwezi wa nane, na dada wa Uyole akiweza ahamishie mwezi wa nane mwishoni avune kabla mvua hazijachanganya. Mtu akikuambia nyanya zinalimwa mwezi fulani muulize kwanza yuko mita ngapi kutoka usawa wa bahari.

Kiangazi pia ndio kantangaze (yule funza wa nyanya, Tuta absoluta) anachanganya. Huyu mdudu aliingia nchini mwaka 2014, bibi hakumjua. Kwenye joto anamaliza kizazi kwa wiki tatu nne, kwenye baridi anajikokota. Kienyeji hakimuogopeshi, anatoboa vilevile.

#8 Mwalimu wa Tukuyu

Naomba niongezee la mvua, maana sisi Rungwe ndio nyumbani kwa mvua. Nyanya za kienyeji za masika huku zinakua kubwa kwa sura lakini ukikata ni maji, ladha hafifu. Na zinapasuka, mvua ikinyesha baada ya siku kadhaa za jua asubuhi unakuta zimechanika duara kuzunguka kikonyo. Halafu ukungu, ile bakajani chelewa, siku tatu za mvua na ubaridi shamba lote linanuka kama viazi vilivyooza. Niliambiwa kienyeji kinavumilia ukungu, nimekipanda, kimeungua.

#9 Mleta uzi

Mwalimu asante kwa kusema ukweli huo, kuna watu wanauza maneno kwamba kienyeji hakiugui. Kinaugua. Bakajani chelewa ndio ileile inayomaliza viazi, na huku kwetu viazi na nyanya ni majirani kila mahali kwahiyo inaruka tu kutoka shamba hadi shamba. Ninachokiona mimi ni kwamba ndani ya mbegu ya bibi miche haifanani asilimia mia. Masika ya mwaka jana kati ya miche 40 mingi iliungua mapema, ila mitano ilichelewa, ikaungua majani ya chini huku ya juu ikaendelea kuzaa wiki tatu zaidi. Mbegu za ile mitano nimeziweka kichupa cha peke yake, nimeandika MASIKA. Sizichanganyi na za kiangazi. Masika haya nitapanda tena nione kama ni kweli au ilikua bahati ya mahali ilipokaa, maana mitatu kati yake ilikua chini ya upenu wa banda.

Kuhusu maji na kupasuka, tunda likinyweshwa ghafla nyama inavimba haraka kuliko ngozi. Huku kwangu tunachuma zikianza tu kuwa na wekundu, hatusubiri ziive shambani.

#10 Mdau wa Makambako

Mkuu nimekusoma toka mwanzo na nakubaliana na mengi ila sio kila mabadiliko ni msimu. Mimi mbegu yangu ya kienyeji ilikua bapa yenye mbavu, miaka yote. Msimu wa mwaka juzi ikaanza kutoa na ndefu ndefu kama yai, ngozi ngumu. Nimerudia msimu uleule mwaka huu, bado zinatoka, tena nyingine bapa nyingine yai kwenye tuta moja. Hiyo nayo utasema baridi?

#11 Mleta uzi

Hapana, hiyo sio baridi, na nashukuru umeileta kwasababu ningeacha uzi huu bila hilo ningekua nimedanganya watu nusu.

Wewe mbegu yako imechanganyika kweli. Jirani yako analima Cal J au Roma? Nyanya kwa kawaida inajichavusha yenyewe, ukichukua ua ukalifungua utaona zile stameni (sehemu za kiume) za njano zimeungana zimekua kama koni, na stigma, ncha ya kike inayopokea chavua, imefichwa ndani, kwahiyo chavua ya nje haipati nafasi. Ndio maana bibi zetu waliweza kutunza mbegu miaka na miaka bila kujua chochote cha kutenga mashamba. Lakini kuna mambo mawili. Nyanya nyingi za zamani, hasa zile ndogo ndogo, stigma yake ni ndefu, inachungulia nje ya koni. Na msimu wa joto kali inarefuka zaidi, hata kwenye mbegu ambazo kawaida haifiki nje. Mwezi wa kumi mwaka jana nilikaa shambani na lenzi ya mtoto wa shule, nikafungua maua ishirini, kwenye saba ile stigma ilikua imetoka nje kabisa kama ulimi. Mwezi wa sita kwenye maua ishirini ilitoka moja. Ikitoka nje hivyo, yale manyuki meusi makubwa yanayotoboa mbao za paa yakija yanalitikisa ua kwa kuvuma, yanaleta chavua ya Cal J ya jirani, basi.

Kwahiyo msimu unabadilisha nyanya kwa njia mbili. Moja ni sura ya tunda unalokula, hiyo inarudi msimu ukirudi. Ya pili ni ndoa, na hiyo hairudi. Ukitaka kujua ni ipi angalia tuta zima kwa siku moja. Miche yote ikibadilika pamoja huo ni msimu. Mche mmoja yai na wa pembeni yake bapa, siku moja, maji yaleyale, hiyo ni damu imechanganyika. Wewe ng'oa yenye yai kabla haijachanua ukiweza kuijua, au usichukue mbegu kwake, na mbegu ya msimu ujao chukua kwenye maua ya kipupwe.

#12 Mama wa Uyole

Kwahiyo mbegu bora ni ya nyanya mbaya za baridi? Maana umesema za baridi hazijachanganyika.

#13 Mleta uzi

Dada umenibana pazuri. Za baridi zina usafi lakini mbegu zinakua chache, chavua ikipigwa na baridi haifanyi kazi vizuri, unaweza kukata nyanya kubwa ukakuta mbegu za kuhesabu na nyingine ni ganda tu. Mi nachukua kwenye maua yanayochanua mwezi wa nane, baridi inaanza kuachia na joto halijapanda. Nachagua mche kwanza, sio tunda. Mche uliosimama vizuri toka mwanzo, usio na rasta (ule ugonjwa wa majani kujikunja), nafunga kitambaa chekundu ili watoto wasichume. Nachukua kwenye miche kumi au zaidi nachanganya, kwasababu ukichukua kwenye mmoja tu ile mchanganyiko wa bibi unaipoteza, na ile miche mitano ya masika isingekuwepo.

Nakamua kwenye kikombe na maji kidogo, naacha zichache mpaka ule ute ulainike, kiangazi siku mbili, kipupwe hata nne. Naosha, zinazoelea namwaga, nakausha kivulini kwenye sahani ya bati, nageuza kwa mkono kila nikipita. Kichupa kikavu na majivu kidogo chini yaliyofunikwa na karatasi. Zinakaa miaka minne bila shida. Naandika mwaka, na mwezi maua yalipochanua. Ukuta wa bibi ulikua unafanya kazi lakini panya wa siku hizi hawana adabu ile.

#14 Kijana wa Ilula

Mkuu basi niwekee mbegu kidogo, nitapanda mstari mmoja nyuma kwa mama. Nataka nihesabu mwenyewe hivyo vyumba.

#15 Mleta uzi

Nitakuwekea za kiangazi na za MASIKA kwenye karatasi mbili, usizichanganye. Ukipita Iringa mjini nipigie nikuletee stendi.

Na jirani yangu, kwa mliouliza, hakutupa. Jana jioni tumesia pamoja kitalu chake, mistari miwili, mmoja mbegu za nyanya ya mviringo ya mwaka jana na mwingine za ile yenye makovu ya mwaka huu. Tumeweka kijiti katikati na nyasi juu. Mwezi wa kumi na mbili tutakata mbele ya mama mkwe wake, kasema anakuja na kisu chake mwenyewe.